Pwani Ina Saa Zake

Nauza vitenge na vyombo vya nyumbani katika komini ya Kenya (Kenya ya hapa kwetu Lubumbashi, Kongo, si ile nchi), na mzigo wangu mwingi nauchukua Dar es Salaam. Kwa sababu hiyo kila mtu wa mtaani anayepanga kwenda kuona bahari hupitia kwanza dukani kwangu. Swali lao huwa bei: basi ni dola ngapi, chumba ni ngapi, boti ya Zanzibar ni ngapi. Nawajibu, kisha nauliza langu, ambalo wengi hulishangaa: utafika tarehe ngapi, na mwezi utakuwa umefikia wapi? Nasema mwezi wa juu mbinguni.

Sisi wa bara tumezoea mji unaofunguka kwa pesa. Ukiwa na dola mfukoni, Lubumbashi utapata nyama choma, muziki na kitambaa saa yoyote unayotaka. Mji wa pwani haufanyi hivyo. Unafunguka na kufungwa kwa zamu, na wenye zamu ni maji, upepo, adhana, mfungo na mnada wa samaki. Nimeona watu wenye pesa nyingi wakirudi wananung'unika kwamba Zanzibar hakuna chakula na bahari ni matope, na nimeona mwalimu wa shule ya msingi akirudi na hadithi za wiki nzima.

Njia nitaipita upesi. Toka hapa hadi Kasumbalesa ni kama kilomita 90, halafu unaikata Zambia: Chingola, Kitwe, Ndola, Kapiri Mposhi, Serenje, Mpika, mpaka Nakonde. Wapo wanaoshukia Kapiri Mposhi na kupanda treni ya TAZARA, reli ya kilomita 1,860 iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975. Mimi nina haraka za biashara, basi linanifaa. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe ndani ya pasipoti, usiitafute chini ya begi watu wakikusubiri kwenye foleni. Ukivuka mpaka na kuingia Tunduma, sogeza saa yako mbele kwa saa moja, maana sisi na Zambia tuko nyuma ya Tanzania.

Zamu ya kwanza inaanzia hapo barabarani. Barabara kuu ya kwenda Dar inapita katikati ya hifadhi ya Mikumi, na ukiipita mchana utaona twiga, pundamilia, nyani, mara nyingine tembo, bila kulipa kiingilio chochote. Ukiipita usiku umepita giza tu. Kwa hiyo nalala Mbeya na kupanda basi la alfajiri. Tunateremka mlima Kitonga jua likiwa juu, tunapita Ruaha Mbuyuni ambako vitunguu vinauzwa kando ya njia kati ya mibuyu, na Mikumi tunaifikia alasiri. Kaa dirishani. Jirani yako akitaka kufunga pazia, mkatalie kwa adabu.

Sasa bahari yenyewe. Mama yangu amekulia Kipushi na bahari aliijua kwa picha za kalenda. Safari niliyompeleka, tulivuka na pantoni kwenda Kigamboni asubuhi, tukakaa chini ya banda la makuti, maji yakiwa karibu kabisa na meza. Mama akafurahi. Tukaagiza changu wa kuchoma na ugali, ambao sisi tunauita bukari, na kama ujuavyo samaki wa kuchoma hana haraka. Tulipomaliza kula na kunawa, bahari haikuwepo. Mchanga mtupu, magugu, ngalawa zimelala kwa ubavu, na watoto wanaokota kitu mbali kule ambako asubuhi kulikuwa na mawimbi.

"Mayi ilienda wapi?" mama akauliza.

Kijana aliyetuhudumia akasema, "Yamekupwa, mama. Jioni yatarudi." Mama akamtazama kama anavyomtazama mteja anayemwambia deni atalipa Jumatatu.

Maji ya bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku hali ile ile inachelewa kwa dakika hamsini hivi kuliko jana yake. Ndiyo maana rafiki yako aliyekuambia "nenda ufukweni saa nne, maji ni mazuri" anaweza kuwa amesema kweli na bado ukakuta matope: yeye alikwenda wiki iliyopita. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana, ndiyo bamvu. Katikati ya hapo maji ni mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana. Wakati wa bamvu tofauti ya juu na chini kwenye pwani hii hupita mita tatu. Huhitaji chombo chochote kulijua hili. Kalenda nyingi za Tanzania zina tarehe za Kiislamu pembeni; ukiona mwanzo wa mwezi au kati ya tarehe 14 na 16, ni bamvu. Au muulize mvuvi yeyote, atakujibu hata bila kugeuza kichwa.

Ukitaka kuogelea, nenda maji yakijaa. Ukitaka kutembea na kuona vitu, nenda yakipwa, na vaa viatu, kwa sababu miiba ya urumbi, wale viumbe wenye miiba mirefu myeusi, haimwonei mgeni huruma. Pwani ya mashariki ya Zanzibar, Paje na Jambiani, wageni wengi hukasirika bahari ikiondoka. Mimi nasubiri iondoke. Ndipo wanawake wa kijiji wanaposhuka na kamba na magunia kwenda kwenye mashamba yao ya mwani, kilimo kilichoanza huko mwishoni mwa miaka ya 1980. Kila mmoja ana vigingi vyake mchangani na kamba zimefungwa katikati, mwani umening'inia juu yake. Wanafanya kazi wameinama, wanaimba, wanapiga soga, na wakisikia maji yanageuka wanafunga magunia na kupanda. Mama alikaa nao mpaka maji yakamfika magotini. Walimwuliza kwao ni wapi, akasema Kongo, wakataka kujua kama kwetu kuna bahari. Ipo, lakini iko upande wa pili wa nchi, mbali nasi kuliko hiyo ya kwao.

Kuhusu kula, nianze na samaki. Tumelelewa kwa tomson wa barafu anayetoka Namibia, kwa hiyo jicho jeupe la samaki halitushtui. Ukienda soko la Feri pale Kivukoni, Dar es Salaam, utajifunza upya. Enda mapema, jua likichomoza. Vyombo vimeingia, samaki wanamwagwa kwa mafungu, na mnadi anasimama juu ya fungu anataja bei kwa kasi ambayo mgeni hawezi kuifuata. Usijaribu kushindana pale. Wanaonunua ni wachuuzi na wenye hoteli, wanajuana kwa macho. Simama tu uangalie. Kisha sogea kwa wanaouza rejareja pembeni, ambao wamenunua dakika chache zilizopita, umchague mmoja: jicho liwe angavu na limejaa, mashavu ya ndani mekundu, nyama ukiibonyeza irudi. Kolekole, nguru, changu, jodari, wote wako pale. Ukishalipa, kuna watu kazi yao ni kupara na kupasua tu, na mbele kidogo kuna wakaangaji wenye makarai makubwa ya mafuta. Unatoka na samaki wako wa moto kwenye gazeti, ndimu na chumvi juu. Ukifika Feri saa sita mchana utakuta samaki, ndiyo, lakini utawakuta walio na hadithi ndefu.

Dagaa nao wana zamu yao. Wanavuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa haina kazi, kwa hiyo siku hizo wanaadimika na bei inapanda. Watu wa Kalemie na Moba hawahitaji kuelezwa, ziwa Tanganyika ni vile vile. Sisi wa mjini ndio tunaofika sokoni na kudhani muuzaji anatuonea.

Jioni za Jumapili, Coco Beach kule Oysterbay watu wanajaa kula mihogo ya kukaanga kwa pilipili. Kwetu muhogo ni unga na sombe, yaani majani yake, kwa hiyo shangazi yangu aliona ni kichekesho kusafiri umbali wote ule ukale muhogo. Alikula sahani mbili. Mchana wa jua kali Coco Beach haina jambo; hapo afadhali uingie Makumbusho ya Taifa, ambako kunahifadhiwa fuvu la zamadamu lililochimbuliwa Olduvai mwaka 1959, au upumzike.

Kariakoo ndiyo mahali ninapopajua kuliko pote, kwa hiyo nitasema kidogo tu, biashara ni biashara. Jengo kuu la soko liliungua Julai 2021, lakini mgeni anapaswa kujua kwamba Kariakoo ni mitaa yote inayolizunguka, na mitaa hiyo haikulala. Wauzaji wa jumla huwa na muda na wewe asubuhi. Ijumaa mchana wengi wanakwenda kuswali, na Jumapili si siku ya kutegemea. Usinunue siku uliyofika: zunguka, uliza, chukua kadi za maduka, urudi kesho yake. Siku ya kwanza uso wako unasema yote.

Kwa kanga na vitenge nenda Mtaa wa Uhuru. Kanga inauzwa kwa doti, vipande viwili vilivyoungana ambavyo unavikata na kupinda mwenyewe, na wateja wangu wa Lubumbashi husahau kuhesabia fundi. Kujua kama kitambaa ni pamba, vuta uzi mmoja pembeni, uuchome kwa kiberiti. Pamba inawaka na kunuka karatasi iliyoungua, majivu yanavurugika vidoleni. Uzi wa kiwandani unajikunja, unayeyuka, na kubaki kidonge kigumu cheusi. Muuzaji mkweli hakasiriki ukifanya hivyo. Mara nyingi kiberiti anakutolea yeye. Niliwahi kuuziwa robota ambalo jora la juu lilikuwa pamba na ya chini yalikuwa kitu kingine, duka silitaji, na tangu hapo nafungua robota zima mbele ya mwenye duka hata mvua ikinyesha. Mzigo ukishafungwa upeleke moja kwa moja kwa msafirishaji anayejua njia ya Tunduma na Kasumbalesa, uandikishe kila kitu, ndipo uende kutembea ukiwa huna mzigo kichwani. Anayenunua kwanza na kutembea baadaye huku mabegi yako chini ya kitanda cha gesti hatembei, analinda.

Nikiwa Kivukoni huwa nautazama upande wa bandari. Malori yaliyopakia shaba ya Likasi na Kolwezi yanafika pale kabla yetu, yametumia barabara ile ile. Katanga yetu na pwani hii zinajuana zamani, na jambo hilo linaonekana wazi zaidi ukivuka kwenda Zanzibar.

Boti iendayo kasi inachukua kama saa mbili. Panda ya asubuhi. Kuanzia Mei hadi Septemba ni kusi linalovuma, na mchana likichangamka mlango wa bahari unaruka. Nimeona wanaume waliokuwa wanatania wenzao wakiomba mfuko. Ukishuka Malindi, pasipoti inaangaliwa tena, na nje ya geti papasi wanakungoja: watakubebea begi, watakuonyesha hoteli, watakuwa jamaa zako. Wajibu kwa Kiswahili, kwa utulivu, kwamba unapokwenda unapajua, hata kama hupajui. Wanacheka na kumwendea mwingine.

Mji Mkongwe, ulioingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, unatembewa kwa miguu tu, na usiogope kupotea, kwa sababu ukizunguka vya kutosha utatokea ama baharini ama Darajani sokoni. Beit al-Ajaib, jumba alilojenga Sultani Barghash mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Tulilitazama kwa nje.

Nilipomchukua mama nilitaka aone mahali pawili. La kwanza ni nyumba ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa ambaye misafara yake ilifika Maniema na mpaka maporomoko yanayoitwa leo Boyoma. Alifia Zanzibar mwaka 1905. Ni nyumba ya kawaida sasa, watu wanaishi, nguo zimeanikwa. Kilichobaki ni mlango wa nakshi. La pili ni Mkunazini, kanisa la Anglikana lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa baada ya Barghash kulifunga mwaka 1873. Nje kuna shimo lenye sanamu za watu watano, shingo zimeunganishwa kwa minyororo. Mtembezaji wageni alikuwa akieleza kwa Kiingereza kwa kundi lake. Mama hakumsikiliza. Bibi yake alikuwa mtu wa karibu na Bunkeya, kwa Msiri, mfalme aliyetoka Unyamwezi akauza shaba, pembe na watu kwa wafanyabiashara wa njia hii, akipokea bunduki na vitambaa, mpaka alipouawa Desemba 1891. Mama alizitazama zile nyuso moja moja, kisha akaniuliza kama yupo aliyewahi kurudi. Nilimwambia wachache sana. Tulitoka tukanunua maji. Pale nashauri uende asubuhi kabla ya makundi, na usipange kitu cha furaha saa inayofuata.

Forodhani ni ya jioni. Mchana ni bustani tu. Baada ya magharibi meza zinapangwa, taa zinawashwa, pweza, mishkaki, urojo, juisi ya muwa iliyokamuliwa na tangawizi na ndimu. Uliza bei ya kila kitu kabla hakijagusa moto. Na chagua meza inayozungukwa na wenyeji waliosimama wanakula, si ile ambayo mpishi anakuita kwa lugha nne. Urojo ule kwa kijiko, polepole, maana chini ya bakuli kuna pilipili iliyokaa kimya.

Mwezi wa Ramadhani, wengi watakuambia usiende. Mchana, kweli, sehemu nyingi za kula zimefungwa, na kula au kunywa barabarani ni kukosa heshima. Lakini mimi naupenda kuliko miezi mingine. Unalala mchana, joto linapita, na magharibi ikiadhinishwa mji mzima unafungua milango. Mteja wangu mmoja wa Darajani alitualika futari: uji, kaimati, tambi, mihogo ya nazi, samaki, na kila tulipodhani imekwisha sinia jingine likaletwa. Hakuna hoteli inayokuuzia hiyo. Ramadhani hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo angalia kalenda kabla ya kukata tiketi, ama uikwepe, ama uingie ukijua.

Kwa sherehe, Februari kuna Sauti za Busara, tamasha la muziki lililoanza 2004 Zanzibar, ambalo jukwaa lake kubwa kwa miaka mingi limekuwa Ngome Kongwe. Linaanza alasiri na kwenda usiku sana, na bendi zinapiga mubashara. Kwetu lakini Februari watoto wako shuleni na mvua zinaifanya barabara kuwa ndefu. Mimi napendelea Julai: shule zimefunga, njia ni kavu, na mambo mawili yanakaribiana. Dar kuna maonyesho ya Saba Saba kule barabara ya Kilwa, kuanzia mwisho wa Juni kupita tarehe 7 Julai, ambako unaona bidhaa za nchi nyingi chini ya paa moja na unapata wenye viwanda wenyewe badala ya madalali. Halafu, siku chache baadaye, Makunduchi kusini mwa Unguja kuna Mwaka Kogwa, mwaka mpya wa asili ya Kishirazi. Wanaume wanapigana kwa migomba mpaka hasira za mwaka ziishe, wanawake waliovaa vizuri wanapita wakiimba nyimbo za vijembe, kibanda cha makuti kinachomwa moto na aliyekuwa ndani anatoka mbio. Mgeni anakaribishwa, kwa sababu wanaamini nyumba isiyo na mgeni siku hiyo haina heri. Tulikula kwa watu ambao hatukuwahi kuwaona.

Yaya yangu, yaani ndugu yangu mkubwa, anayefanya kazi mgodini ana likizo Desemba tu, na ameamua kwenda hivyo hivyo. Desemba vyumba vya Zanzibar vinapanda bei, na Kariakoo mtu anatembea kwa kusukumwa. Nimemwambia atume nusu ya pesa ya chumba kuanzia Septemba, asinunue jora hata moja kabla ya Krismasi kupita, atazame mwezi kabla ya kuwaahidi watoto kuogelea, na boti apande ya asubuhi. Ameandika yote kwenye simu yake isipokuwa hilo la boti. Anasema likizo ni likizo, hawezi kuamka saa kumi na moja.